Wiki tatu kwa miguu milima ya Kondoa: vijana watajifunzaje kuongoza?

SWALI: Mimi ni mlezi wa klabu ya skauti katika sekondari moja ya hapa Dodoma mjini. Likizo ya Juni nataka kuwapeleka vijana 12, wa kike na wa kiume, wenye umri wa miaka 14 hadi 17, tukatembee kwa miguu milima ya Kondoa kwa wiki tatu. Nimekutumia orodha yetu sisi walezi watatu na ratiba niliyoandaa ya saa kwa saa, kuanzia kuamka saa kumi na moja alfajiri hadi mada ya uongozi kila jioni. Wazazi wananiuliza watoto watarudi na kitu gani wasichoweza kukipata kwenye semina ya siku mbili ukumbini. Nami nakuuliza: uongozi unafundishwaje huko porini, wiki tatu si nyingi, na nifanyeje ili wote warudi salama?

JIBU: Mwalimu, salaam, na hongera kwa uthubutu. Ratiba nimeisoma yote. Kwa kambi ya siku nne ningeipitisha bila maneno mengi. Kwa msafara wa wiki tatu nakuomba uiweke pembeni, na nikikueleza kwa nini utakuwa umepata na jibu la kuwapa wazazi.

Ukishaandika wewe saa ya kuamka, njia ya kupita, mahali pa kulala na zamu za kupika, maana yake maamuzi yote ya safari yamekwisha kabla vijana hawajafunga mabegi. Wao wamebakiwa na kutii. Kutii ni jambo jema, na Jeshi la Kujenga Taifa limekuwa likiwafundisha vijana nidhamu hiyo tangu mwaka 1963. Lakini kijana wa miaka 15 anajifunza kuongoza siku anapokabidhiwa uamuzi wa kweli, ambao matokeo yake atayaona mwenyewe kabla jua halijazama, na wenzake wakiyaona. Mada yako ya jioni ya tarehe nane kuhusu "sifa za kiongozi bora" haitafanya kazi hiyo hata ukiisoma vizuri namna gani.

Wazo hili wengine wamelifanyia kazi muda mrefu. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyehamia Uingereza baada ya kuwapinga Wanazi, alishiriki kuanzisha shule ya mafunzo ya nje ya Outward Bound mwaka 1941 kule Aberdovey, Wales, kuwaandaa mabaharia vijana kukabili shida za baharini wakati wa vita. Baadaye kikaanzishwa kituo cha Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1965 mpanda milima wa Marekani, Paul Petzoldt, alianzisha NOLS, shule ya uongozi wa nyikani, huko Wyoming kwa sababu aliona wanaokwenda nyikani wanaongezeka huku watu waliofunzwa kuwaongoza ni wachache. Safari za shule hiyo zilikuwa za takriban mwezi mzima, na mpaka leo wanafunzi wake hupokezana nafasi ya kiongozi wa siku. Na kabla ya hao wote, hapa kwetu mtoto wa Kigogo wa miaka kumi alikuwa anaamua kila asubuhi mbuzi wa baba yake wapite wapi na wanyweshwe wapi, na jioni wakihesabiwa pungufu alijua ni nani wa kuulizwa. Vijana wako wamekulia mitaa ya mjini, Nkuhungu na Area D. Mzigo wa namna hiyo hawajawahi kuubeba.

Umeuliza pia kama wiki tatu si nyingi. Si nyingi. Siku nne za mwanzo ni za mwili: mabega yanauma, miguu inavimba, kila mtu ana adabu na anamwachia mwenzake kipande kikubwa. Kuanzia kama siku ya sita adabu inapungua. Utasikia nani hachoti maji, nani analala wakati wenzake wanakunja mahema, nani anajipakulia mboga mara mbili. Walezi wengi wakifika hapo hushtuka na kuanza kuhubiri. Mimi nakuambia usubiri siku hizo kwa hamu, maana ndipo kazi yako inapoanza. Semina ya siku mbili inakwisha watu wakiwa bado wanapakana mafuta. Hilo ndilo jibu la wazazi, na unaweza kuwapa kama lilivyo.

Sasa namna ya kuupanga msafara. Wiki ya kwanza ongoza wewe, ila ongoza kwa kusema kwa sauti unachokifikiria. Ukisimama kwenye njia panda, usinyooshe kidole tu ukaendelea. Sema: "Njia ya kushoto ni fupi lakini inashuka korongoni, ya kulia inapita kijijini kwenye kisima, sasa ni saa nane na tuna lita sita, kwa hiyo tunakwenda kulia." Fanya hivyo mara nyingi mpaka waanze kukujibu.

Wiki hiyo hiyo wafundishe ramani. Zipo ramani za nchi za kipimo cha 1:50,000 zinazotolewa na idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, na wizara iko hapo hapo Dodoma. Kwa kipimo hicho sentimita mbili kwenye karatasi ni kilometa moja ardhini. Njia na nyumba zimebadilika mno tangu nyingi kati ya hizo zilipochorwa, ila vilima na makorongo yapo palepale, kwa hiyo wazoeshe kusoma mistari ya miinuko kuliko barabara. Simu zikae kwa walezi. Na mwezi Juni jua la mchana kwetu linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha saa sita kinaelekea kusini. Kijana akilijua hilo hata dira ikipotea anaweza kukaa chini akafikiri.

Miguu nayo ni somo la uongozi, ingawa watu huiona ni habari ya huduma ya kwanza. Dakika arobaini baada ya kuanza safari, anayeongoza asimamishe kundi, aseme "vueni viatu," na apite kwa kila mmoja aone kisigino. Pale penye wekundu na joto pabandikwe plasta hapo hapo, kabla ya lengelenge. Kijana hasemi kwamba anaumia, hasa wa kiume mbele ya wasichana. Atachechemea kimya mpaka saa kumi, na kesho yake kundi zima litatembea nusu ya mwendo kwa sababu ya kisigino kimoja. Kiongozi anayesubiri watu wamlalamikie anachelewa. Mzoeshe kuuliza, na kuuliza huku anatazama.

Mzigo wa mgongoni usizidi robo ya uzito wa mwenye kuubeba. Msichana wa kilo 44 abebe kilo 11, basi, hata kama mwenzake wa kidato cha nne anabeba 16.

Wiki ya pili ndipo unapoanza kuachia. Kila asubuhi wawepo viongozi wa siku wawili, msichana na mvulana, waliotajwa tangu jana yake jioni ili walale na ramani. Wao ndio wanaoamua saa ya kuondoka, njia, mapumziko na mahali pa kulala. Ninyi walezi mnatembea nyuma, na mkiulizwa "Mwalimu, tupite wapi?" mnajibu "viongozi wa leo ni nani?" Inachosha kuliko kuongoza, nakuambia kweli. Utaona wanapita njia ndefu, utaona wanabishana dakika ishirini juani, na mdomo utakuwasha. Kama hakuna hatari, nyamaza.

Chukua suala la maji. Watu 15, kwa lita nne za kunywa na kupikia kila mmoja, wanahitaji lita 60 kwa siku, nazo ni kilo 60. Sasa kiongozi wa siku, saa tisa alasiri, amefika juu ya mgongo wa mlima penye upepo mzuri na mandhari ya Irangi yote. Wenzake wanamshangilia, wanataka walale hapo. Maji yako chini, mwendo wa nusu saa kushuka na saa nzima kupanda na ndoo. Akikubali kulala juu, usiku ule watu watapika wamechoka, watakula saa nne, na atasikia kila neno likisemwa ndani ya mahema. Akikataa, watamnunia mpaka bondeni. Yote mawili ni somo, na hakuna kati yake linalomuumiza mtu. Maamuzi ya aina hiyo ndiyo ya kumwachia kijana.

Jioni baada ya kula, kaeni duara. Hapa nataka ukae na kufikiri zaidi ya sehemu nyingine zote, kwa sababu mbinu za wenzetu wa Ulaya na Marekani haziingii moja kwa moja. Kwao kijana anafundishwa kumwambia mwenzake usoni alichokosea. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na msichana wa kidato cha pili hatamwambia kaka wa kidato cha nne kwamba alikimbiza kundi. Atasema "ilikuwa safari nzuri, tunashukuru," na wote watapiga makofi. Ukiwalazimisha kukosoana, mtapata chuki ya siku tatu.

Njia inayofanya kazi ni kuanza na viongozi wa siku wenyewe: waeleze uamuzi mmoja ambao wangeufanya tofauti. Mkubwa akishajisema, mdogo ameshapewa ruhusa. Kisha kila mwingine aseme sentensi moja juu ya uamuzi, asimguse mtu, na aseme ulimfikiaje yeye. "Tulipoondoka bila kujaza chupa, mimi niliishiwa maji pale kwenye miiba." Hayo yanasemeka kwa heshima zote, hata kwa mkubwa. "Wewe ni mbinafsi" lizuie mara moja. Walezi wazungumze mwisho na kwa ufupi, la sivyo vijana watasubiri mwalimu atoe alama.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu ni tajiri kuliko kwa hao wenzetu. Nyika zao nyingi hazina watu, na kijana anashindana na theluji au mawimbi. Pori letu lina wenyewe. Kila bonde utakalolala Kondoa ni la kijiji fulani, lina mwenyekiti, lina mtendaji, lina wazee wanaojua maji yako wapi mwezi Juni. Kwa hiyo kubisha hodi ni sehemu ya mafunzo, na anayebisha awe kiongozi wa siku, si wewe. Barua za wilaya na vijiji utakuwa umezipeleka wewe mapema. Ila mkifika, simama nyuma kabisa.

Nimewahi kumtazama binti wa kidato cha pili akifanya hivyo. Alifika kwenye kundi la wazee waliokaa chini ya mti, akavua begi kwanza, akalishusha chini, akapiga goti kidogo, akawaamkia mmoja mmoja badala ya kutupa shikamoo moja kwa wote. Mzee mmoja akawa ananiangalia mimi juu ya kichwa chake, akisubiri mkubwa aseme. Nikatazama chini. Binti akaeleza wao ni kina nani, wangapi, wametoka wapi, wanaomba kulala usiku mmoja na kuchota maji, wataondoka saa moja asubuhi na hawatakata mti. Kimya kidogo. Kisha mzee akamuuliza yeye, moja kwa moja: "Mnaogopa fisi?" Akajibu, "Tunaogopa, babu, ndiyo maana tumekuja kuwauliza tulale wapi." Wakatuonyesha kiwanja cha shule, na kijana mmoja akatumwa atupeleke kwenye kisima kilichochimbwa mchangani mwa korongo. Tangu jioni hiyo wavulana wakubwa walimsikiliza binti yule bila mtu kuwaambia.

Ukipita Kolo, anzia kwenye ofisi ya mambo ya kale hapo hapo kijijini, upate mwongozaji. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na baadhi ya mapango hayo wenyeji bado wanafanyia matambiko. Vijana wasiguse michoro na wasiimwagie maji ili rangi ionekane, maana hiyo tabia ya kumwagia maji imeiharibu vibaya. Na mkilala karibu na yale makorongo makubwa yaliyochimbwa na mmomonyoko, waombe wazee waje kuzungumza kuhusu HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika. Miti ilirudi. Lakini kulikuwa na watu waliopaswa kuhamisha ng'ombe wao. Vijana ambao wiki nzima wamekuwa wakigombana kuhusu nani anaamua watauliza maswali ambayo hawatayauliza darasani.

Chakula nitakipitia haraka. Gawa watu watatu au wanne kwa sufuria moja, kila kikundi kijipikie. Beba dona, mchele, dagaa, karanga, choroko badala ya maharage kwa sababu zinaiva upesi na kuni ni chache, na mlenda mkavu, ambao ni mwepesi kubeba kuliko mboga yoyote ninayoijua. Kuni ni zile zilizoanguka, na kwa ruhusa ya kijiji. Kila wiki pangeni njia yenu ikutane na mnada, muwape vijana fedha ya wiki nzima taslimu wanunue wenyewe. Kundi likimaliza hela kwa soda na nyama choma siku ya kwanza, usiongeze. Akiba ya unga ya dharura unayo wewe, na watakula ugali na dagaa hadi mnada ujao.

Wiki ya tatu, kama ya pili imekwenda vizuri, wagawe vikundi vya vijana wanne au watano, watembee mchana bila mlezi pembeni. Wanakuandikia kwanza mpango: njia, vituo, maji, saa ya kufika, na watafanya nini wakipotea. Mlezi mmoja anatangulia kwenye kituo, mwingine anafuata nyuma kwa mbali. Masharti ni machache na hayajadiliwi: hawatengani hata dakika moja, hawaingii kwenye maji, na ikifika saa tisa hawajui walipo wanasimama papo hapo na kupuliza filimbi kwa ishara mliyokubaliana. Siku ya namna hiyo ifanyikie kwenye bonde ambalo wewe umelipita wiki hiyo hiyo. Ukiwa na shaka na kikundi kimoja, kiende na mlezi, bila kukiaibisha.

Kuhusu usalama, kuna mambo ambayo kiongozi wa siku hana kura nayo kabisa, na vijana waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Wanyama: kaeni mbali na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Kuingia humo kunahitaji kibali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na si mahali pa kuzurura na watoto kwa miguu. Tembo hawasomi mipaka, kwa hiyo kila asubuhi wanakijiji waulizwe wamepita wapi usiku, na tembo wakitajwa, njia inabadilishwa na mlezi. Maji: yote yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa, na hakuna kuoga kwenye madimbwi yaliyosimama kwa sababu ya kichocho. Ugonjwa: homa yoyote inapimwa malaria siku hiyo hiyo kwenye zahanati iliyo karibu, haisubiri mpaka kesho. Nyoka: wavae viatu vilivyofunika mguu, watembee na tochi usiku, wasitie mikono chini ya mawe. Akiumwa mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mlazeni atulie, kiungo kifungwe banzi kisicheze, na abebwe hadi kwenye gari na hospitali. Maana yake gari na dereva wawe tayari wiki zote tatu, na kila jioni dereva ajue mmelala wapi. Kwenye mabonde mengi mtandao haushiki, kwa hiyo mjue mapema ni kilima gani cha karibu kinachoshika.

Usiku wa Juni ni baridi na upepo wa kiangazi ni mkali. Kila mtoto awe na sweta na blanketi zito, hata kama mama yake anasema Dodoma ni joto.

Orodha yako ya walezi ina wanaume watatu. Hapo sikubaliani nawe. Una wasichana, na wote hao kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni watoto. Ongeza mwanamke mtu mzima mwenye uzoefu wa kutembea, mwenye sauti sawa na yenu, asiwe mpishi. Mahema ya wasichana na wavulana yatengwe, mtu mzima yeyote asikae faragha peke yake na mtoto mmoja, pedi ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila mtu kuomba, na mahali pa faragha pawe jambo la kwanza kuangaliwa kila mnapofika kambini. Kila mzazi atie saini ridhaa na aandike ugonjwa wowote wa mtoto wake, hasa pumu, selimundu na kifafa.

Jiandae pia kupoteza vijana wa kidato cha nne. Shule nyingi huwaita kwenye kambi ya masomo Juni, na mzazi akichagua mtihani usimlaumu. Kundi la vijana tisa linafaa vilevile.

Mwisho, kabla ya Kondoa wapeleke vijana hao na walezi hao hao kulala nje siku mbili mwezi Mei mvua ikishakatika, kijiji chochote cha karibu, Hombolo au Mvumi, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji. Siku ya kwanza uongoze wewe, ya pili waongoze wao. Usiwatazame vijana peke yao. Watazame walezi: nani anashindwa kunyamaza, nani anamnyang'anya kijana ramani mkononi, nani anatania wasichana. Kama kuna mlezi wa kubadilisha, mbadilishe wiki hiyo, kabla barua za wazazi hazijatoka.